Siku ya Batu na Siku ya Barabara

Mimi, hakuna kitu ya hii dunia yenye inaweza kunishangaza. Sisemi vile juu ya kujisifu, hata kama batu ya Butembo banasema Kasereka anajisifu tangu anaamuka mpaka analala. Mutu mwenye alishuka kutoka Alimbongo na gunia ya viazi ku kichwa, bila viatu, na leo eko na nyumba ya etaji, ni kusema gorofa, na dépôt mbili ya mbao, ule hajisifu. Anasema tu vile iko. Nimeona ndugu ya tumbo moja banapelekana ku tribunal juu ya ubao moja. Nimeona bwana arusi anatorokea ku dirisha ya sacristie. Nimeona askari na bunduki yake analia mbele ya bibi yangu, anamuomba chumvi. Donc, mwezi yenye imepita, wakati balinipigia simu kama Mama Masika amekufa, sikushangaa. Nilivaa koti, nikachukua gari, nikaenda kumuzika ku Musienene.

Nyuma ya maziko balituketisha mu paillote, ile banda ya majani, balitupa maharagi na viazi, sahani moja kwa batu babili. Mwenye balinipa kula naye alikuwa Asumani. Ndevu yake imekuwa nyeupe. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi, mais tulianza kula ku upande moja ya sahani kama batu benye balikula pamoja jana. Musichana mwenye alikuwa anagawa chai alituangalia, mimi Mukatoliki mwenye tumbo, yeye Muislamu mwenye kofia, akauliza: "Bapapa, munajuanaka wapi?" Asumani aliinamia viazi. Mimi, mwenye ninasema hata wakati padri anasema, nikamuinulia kikombe aongeze chai. Mvua ilitukuta ku njia ya kurudi, shofere alikuwa anaimba-imba, na mimi nikajiambia: andika ile mwaka. Masomo yangu iliishia ku ya tano primaire, ni kweli. Mais mukono yangu imeandika mikataba ya mbao yenye wakili walisoma na hawakupata pa kuniingilia. Itaandika na hii.

Ilikuwa mwaka yenye nilimaliza kujenga etaji. Nilifikiri mutu mwenye amejenga etaji amekwisha kukomaa, hakuna kitu atafunza tena. Kule juu nilikuwa na salle kubwa, madirisha ya vioo pande mbili, na pembeni yake bureau yangu, yenye nilitenga na triplex tu, ile mbao nyembamba yenye inapitisha hata kikohozi. Siku moja Mama Masika alipanda ngazi. Mwanamuke mufupi, kitambaa ya bluu ku kichwa, psychologue ya Beni mwenye association moja ilituma. Alisema eko anatafuta nafasi ya kufundisha basimamizi, ni kusema batu ya kufuata wafungwa benye tribunal inafungua mbele ya wakati, ili bamalize azabu yao inje, na kazi, na mutu wa kubaangalia. Na hapana wafungwa bote. Bale benye batu bengine banakataa. Nilimuonyesha vioo, nilimuonyesha ciment yenye nililaza mimi mwenyewe. Hakuangalia vioo. Aliuliza: "Papa, mulango iko hii moja tu?" Nikasema moja, lakini ya libuyu, ile mbao ngumu, haina mufano. Akasema: "Basi tutapanga viti ili kila mutu aone mulango, na hakuna mutu anakaa kati ya mwenzake na mulango." Niliwaza: huyu mama anaogopa moto. Kumbe alikuwa amekwisha kuanza kufundisha.

Balikuwa banakuja kila mardi na kila jeudi, ni kusema Jumanne na Alhamisi, karibu batu kumi: mwalimu moja ya zamani, catéchiste moja, infirmière, bamama babili ya chorale, na kijana mwembamba ya Mulekera ku Beni, Asumani, mutoto ya batransporteurs, mwenye alikuwa analala kwa mujomba yake hapa Butembo. Bibi yangu Kavugho alipika chakula yao ya midi. Fufu, sombe, samaki ya kukausha, na pilipili yenye aliisaga yeye mwenyewe ku jiwe. Mimi nilikuwa nabaki mu bureau, mulango wazi kidogo, nasikia. Mu mwanzo nilisikia juu ya kucheka.

"Mama, bale batu beko na pepo," catéchiste alisema ile siku ya kwanza, mudomo imejaa. "Mutu anakupenda asubui, mangaribi anataka kukukata. Ile si pepo?"

"Sikatai pepo yako, papa," Mama Masika akajibu. "Mais mardi asubui, wakati anakutukana mama yako mu uso, pepo itakusaidia kujua utamujibu nini?"

"Nitaomba."

"Omba. Yeye atangojea umalize, atakutukana tena."

Balicheka bote. Mama Masika hakuwa mutu ya kupaza sauti. Alieleza kama kuko batu benye si bazimu, si barogi, na si kichwa ngumu tu. Ni vile tabia yao ilishonwa tangu utoto, na uzi ilivutwa sana mahali moja, ikaachwa mahali ingine. Mumoja haamini mutu yeyote. Mwingine maumivu ya mwenzake haimugusi, kama vile mvua haigusi samaki. Na mwingine anakushika na mikono mbili, na ukigeuka kidogo tu anaona umemutupa, basi anakutupa yeye wa kwanza. Badaktari ya bichwa beko na jina ya kifaransa, trouble de personnalité. "Mutoto mwenye alikomalia mu nyumba yenye milango inafungwa bila kuambiwa," alisema, "anakuwa mukubwa na mukono yake daima ku kufuli." Mimi, kule nyuma ya triplex, nikasema na sauti: "Ule ni mukwe yangu kabisa!" Salle yote ikacheka, na ni vile Mama Masika alinikamata. Alifungua mulango ya bureau, akasema: "Papa Kasereka, unasikiaka muzuri sana. Kuja utusaidie."

Alitaka mutu ya kucheza mufungwa. Nilikubali mbele amalize. Nani ku Butembo anajua kugombana kunipita? Baliniketisha mbele ya Asumani, na mimi nikaanza: kijana, wewe ni nani wa kunisimamia, unanuka maziwa, serikali inakulipa juu ya kuangalia uso yangu? Bamama ya chorale balishika tumbo. Asumani alinyenyekea: "Usikasirike papa, pole papa, nitakutafutia kile unataka." Mama Masika akapiga makofi moja. "Unamubembeleza. Kesho atataka kupita pale, na utakosa cha kumupa." Tulirudilia. Nikamutukana na kinande safi, luga yetu. Asumani akasimama: "Ukiendelea naita polisi." Makofi. "Unamukimbia." Mara ya tatu nilipiga meza, nikamuambia toka, sitake tena kuona sura yako. Asumani akabaki. Mikono ku magoti. Akasema polepole: "Naona umekasirika. Sitaenda mbele ya saa kuisha. Na mardi yenye inakuja nitakuwa hapa, saa tatu, ku hii kiti." Basi hapo, sijui.   Hakuna mutu, tangu mimi mutoto, alikuwa ameniambia vile: nitakuwa hapa. Nilisimama, nikasema pilipili ya Kavugho imenizidi, nikashuka ku dépôt kunywa maji. Kavugho aliniangalia. "Leo hukula pilipili," akasema.

Nyuma ya miezi mitatu ya kufunzwa, kila mumoja alipewa mutu yake, na masomo ikaendelea. Asumani alipewa Muhindo. Huyu Muhindo alikuwa mu gereza ya Beni juu alikata mukono ya rafiki yake na panga. Na sababu, wakati hakimu aliuliza, alisema rafiki alihama nyumba yenye balipanga pamoja bila kumuambia. Tribunal ilimufungua kwa masharti, na masharti ilikuwa rahisi kukariri: mwaka moja bila kugusa mutu, bila kuvunja kitu ya mutu. Akikosa mara moja, anarudi Beni kumaliza miaka yake. Na ilifaa apate kazi. Hakuna patron alimutaka. Mimi nikasema mbele ya bote: "Mumulete kwangu. Mimi nimesimamia bapiga-mbao ya Mambasa, benye banakunywa pombe kali ya lotoko kama chai. Mutoto moja ya panga atanifanya nini?"

Alikuja na viatu imesafishwa. Murefu, mukavu, macho yenye inakufuata. Juma ya kwanza aliniita papa, akaambia wafanyakazi kama tangu azaliwe hajapata mutu mwenye roho kama yangu. Na mimi, aki, niliamini, nani hajui nina roho? Juma ya pili nilisalimia fundi mwingine kwanza, yeye nyuma, kwa kupitiwa tu, na akaniambia mbele ya wateja: "Hata wewe. Mwizi kama bengine. Unanificha ku mwisho kama mbao yenye imeoza." Akatupa rabo yangu, ile ya kulainisha mbao, mu matope. Nilitaka kumufukuza. Mama Masika alinikuta napanda na kushuka ngazi. "Umufukuze, atasema: nilijua. Umubembeleze, atasema: bado. Umuambie rabo itaoshwa na yeye, leo, na kesho kazi inaanza saa moja na nusu kama jana." Nilimuambia vile. Aliniangalia, akaenda kuosha rabo. Kesho yake alikuja mbele ya saa moja na nusu.

Na chakula ilikuwa vita. Sahani ikichelewa, hakukula. Aliipindua upande ya ukuta. Kavugho hakusoma formation yoyote, mais alikamata maneno. "Muhindo, sahani yako inatoka saa sita, nyuma ya ile ya sentinelle mwenye analinda mulango. Kila siku nyuma ya sentinelle. Si mbele, si ya mwisho." Muhindo akauliza: "Na siku sentinelle hayupo?" Kavugho akasema: "Basi nyuma ya kiti yake." Muhindo alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia kicheko yake. Ilikuwa kama ya mutu mwingine, mutoto ya masomo.

Kila mardi saa tatu alipanda kule juu, alikaa mbele ya Asumani. Nilisikia yote mu triplex. Kuko mardi alimupenda: "Wewe ndiye ndugu yangu, hata tumbo moja haiko hivi." Kuko mardi alimuambia: "Batu ya dini yenu, munachekaka na meno tu." Asumani alijibu ku sauti moja, siku ya kupendwa na siku ya kutukanwa: niko hapa mpaka saa inaisha, na mardi yenye inakuja. Mvua ya mwezi wa kumi ilikata njia, batu balibaki kwao. Asumani alikuja na suruali matope mpaka magoti, akaketi. Muhindo alikuwa chini ku dépôt, anaangalia barabara, anajifanya anapanga mbao. Wakati aliona ile suruali, aliacha mbao. Alipanda ngazi mbili-mbili.

Basi sasa nieleze kitu moja, juu mutu ya mbali hataelewa. Kwetu, mutu mwenye anasafiri kuenda Beni hasemi siku. Barabara imekunywa batu bengi. Benye banangojea mu misitu beko na masikio mu soko, mu bar, hata mu kanisa, na hakuna mutu anajua ni ya nani. Donc kuko siku ya batu na kuko siku ya barabara. Unaambia batu vendredi, ni kusema Ijumaa, unaenda mercredi, Jumatano. Unaambia Kavugho mwenyewe vendredi, na mercredi asubui anakuta kitanda imepoa, na hakasiriki. Anaomba rozari, anangojea simu. Kwetu ile haiitwi uongo. Ni kama kufunga mulango. Mutoto anaifunza mbele ya kufunza kusoma.

Asumani alikuwa anaenda kuoa ku Mulekera. Angebaki kule juma tatu. Mama Masika alimuambia, na alisema vile kila siku tangu mwanzo ya formation: na mutu kama Muhindo, hakuna kuondoka kwa ghafla. Unamuambia mbele. Unamuambia siku yenye unaenda, siku yenye unarudi, na nani ataketi ku kiti yako. Ile siku ya midi kulikuwa ndizi na nyama, na mimi nilikuwa ku meza, juu nilikuwa nimekwisha kuzoea kula nao.

"Mama, siku ya kurudi nitamupa," Asumani alisema. "Nani atanibadilisha, nitamupa. Mais siku ya kwenda? Mujomba yangu akisikia ataniteremusha mu gari."

"Na atakuwa na haki!" mwalimu ya zamani akaingia. "Muhindo alilala mu gereza na batu ya kila aina. Mutu ya vile unamupa siku yako ya barabara?"

"Papa mwalimu, ukimusimamia mutu na humuamini na siku moja, unamusimamia na nini?"

"Na hekima, mama. Wewe ukija kutoka Beni unatuambiaka siku?"

 Tulijua bote: hakutuambiaka. Mama Masika aliweka kijiko chini. "Hapana," akasema. "Hata mimi hapana. Lakini mimi, si ninyi nasimamia kwa tribunal." Catéchiste akasema amwambie jeudi, aende mercredi, siku moja tu, Mungu anajua. Bamama ya chorale balisema ndiyo. Mimi nilicheka tu, juu ilikuwa kama kuuliza kama jua inatokea wapi. Asumani alizungusha ndizi mu sahani. Alikuwa mutoto ya heshima. Hakutaka kupita mwalimu yake, hakutaka kupita mujomba yake.

Alimuambia yote. Nilisikia ku triplex. Arusi, jina ya musichana, Salima, juma tatu, infirmière ndiye ataketi ku kiti, samedi, Jumamosi, ya kurudi. Yote kweli. "Na naenda jeudi ya juma yenye inakuja, asubui."  Nilingojea meza ipigwe. Muhindo akauliza tu: "Jeudi saa ngapi?" Asumani akasema saa mbili.

Ile mangaribi Muhindo alikuja kwangu, mikono imejaa vumbi ya mbao. "Papa, mutu anasindikizwaka namna gani?" Nikamuuliza anataka kusema nini. "Mutu akienda. Na alikuambia. Unafanya nini? Mimi nilikuwa ninaona tu bameshaenda." Nilimuambia unakuja mapema, unashika valizi yake, unaleta kitu kidogo, unamuambia salimia batu, unasimama mpaka gari inapinda. Alisikiliza kama mutu mwenye anafunzwa kupiga hesabu. Aliomba vipande ya libuyu yenye tunachomaka. Siku zote zile, nyuma ya kazi, alifanya kiti, ile ya chini ya mwanamuke kuketia jikoni. Aliipiga musasa mpaka ikang'aa, na ku pembe alichonga ua. Kavugho aliikalia akasema imekaza, haitikisiki. "Ni ya bibi yake," Muhindo akasema. "Ataketi, atauliza nani alifanya."

Jeudi alikuja mbele ya jua kupanda vizuri. Shati nyeupe, yenye aliazima. Kiti mu gunia safi. Alisimama ku mulango ya chini. Mujomba ya Asumani alikuwaka anapaki gari yake karibu, na gari haikuwa pale, na Muhindo aliona gari haiko, na alingojea tu. Saa mbili ikapita. Mama Masika alikuwa hajafika. Ni sentinelle, mutu bila ubaya, alimuambia: "Unangojea Asumani? Yule si alienda jana asubui."

Nilikuwa ku ngazi. Nilishuka. Sikujua, mimi pia; kwetu hakuna mutu anajua. Na nasema kweli, kitu ya kwanza niliwaza ni: kijana eko na akili. Nyuma ndipo niliona uso ya Muhindo. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa kama uso ya mutu mwenye amesikia jina yake ku radio, kati ya majina ya batu benye bamekufa. Aliketi ku ile kiti, pale ku ngazi, gunia ku magoti.

"Atarudi," nikasema.

"Siku gani?"

"Samedi ile. Si alikuambia?"

Akaniangalia. "Na jeudi pia aliniambia, papa."

  Alisimama, akapanda, na nikasikia kioo ya kwanza. Nilikimbia. Alikuwa na ile kiti mu mikono, anapiga nayo madirisha, pande mbili, viti ya plastique, ubao ya kuandikia, na hakuwa anapiga kelele, na ile ndiyo ilikuwa mbaya, ilikuwa kazi, kama kazi ingine. Ningemuacha amalize. Vioo ni yangu. Mais sentinelle alipanda nyuma yangu, akamushika kwa mugongo, akamufungia njia ya mulango, ile kitu yenye Mama Masika alikataza tangu siku ya kwanza. Na Muhindo aligeuka na kiti.

Nilienda ku polisi mimi mwenyewe, na koti. Nilimuambia OPJ, ofisa ya upelelezi: viti ni yangu, vioo ni yangu, salle ni yangu, nimesamehe, na mutu akivunja vitu yangu ni mimi ndiye nalia, na mimi silie. OPJ aliandika polepole. Akainua uso. "Na jino ya sentinelle, patron? Nayo ni yako?" Nilienda kwa sentinelle na mbuzi. Alisamehe, mutu ya Mungu. Haikusaidia. Masharti ilikuwa masharti. Samedi balimupandisha gari na pingu, kuenda Beni. Na hata balinzi hawakusema siku, donc hakuna mutu alimusindikiza. Mama Masika alifika dimanche, kesho yake, akaketi mu salle kati ya vioo, kitambaa ya bluu ku magoti. Hakusema "niliwaambia". Mardi alifundisha na upepo unaingia. Kwa mwisho akauliza: "Nani anasafiri hii juma?" Hakuna mutu aliinua mukono. Jeudi, viti mbili ilikuwa tupu.

Asumani alirudi nyuma ya zile juma tatu, ile samedi yenye alisema. Bibi yake nyuma yake na kitambaa ya njano, na sanduku ya halua. "Muhindo eko wapi? Nimemuletea." Ni Kavugho alimuambia, juu mimi nilijifanya napima mbao. Salima aliona ile kiti ku kona, mguu moja imevunjika, akauliza ni ya nani kwa vile iko nzuri. 

Kijana alihama, akarudi Mulekera, aliomba tribunal imuache amusimamie kule ku gereza. Kila mardi, na pikipiki mpaka ku mulango ya gereza, bidon ya chakula ya Salima mu mukono. Mulinzi anaingia, anarudi: "Anasema hakujue." Asumani anakaa ku jiwe, inje, mpaka saa inaisha. Anaacha bidon. Mardi yenye inafuata anaipata: imeoshwa, imekaushwa, kifuniko imefungwa muzuri. Alinielezea vile ku simu, sauti yake ilikuwa karibu na furaha. "Papa Kasereka, anaiosha." Mama Masika alisema aendelee, hapana kuchoka, ile ndiyo kazi. Miezi ikapita vile. Halafu mardi moja balimurudishia bidon ya juma yenye imepita na chakula ndani. Muhindo alikuwa ku hôpital, tumbo. Asumani alikimbia kule. Alimukuta, mais Muhindo hakuwa anasikia batu tena. Aliketi karibu yake, upande yenye haifungi mulango, mpaka pumzi ikaisha.

Hakuna mutu ya jamaa alikuja kumuchukua. Nilisema: alikuwa mufanyakazi yangu, atalala Butembo. Na ni hapo bote balisema kama Kasereka amepata wazimu, juu nilienda ku radio, nikalipa communiqué, tangazo ya kifo, isomwe asubui na mangaribi: mwili ya Muhindo itatoka Beni mercredi, saa mbili, na gari nyeupe, itapita barabara kubwa, benye banataka kumusindikiza bangojee. Siku ya kweli na saa ya kweli.  Mujomba ya Asumani alisema hata kwa dhahabu hatoi gari. Shofere bote balikataa. Mumoja mwenye alikubali aliomba mara tatu ya bei, kwanza mu mukono, na pesa ya bibi yake pembeni kama harudi. Nililipa bila kubishana, mimi, mwenye ninabishana na bei ya kibiriti.

Mercredi, saa mbili, tulitoka. Nilikaa mbele na shofere, Asumani alikaa nyuma na jeneza, mukono juu yake. Shofere aliongeza mwendo pale misitu inakaribia barabara. Jasho ilikuwa inamuanguka ku kidevu. Hakuna kitu ilitupata. Ku mwingilio ya Butembo balikuwa bamesimama: mwalimu ya zamani, catéchiste, infirmière, bamama ya chorale na vitambaa yao, sentinelle bila lile jino, Kavugho, Mama Masika, na batu bengine benye sijue hata leo. Balijua saa, basi balikuja. Balitembea nyuma ya gari polepole mpaka ku makaburi, na gari ilipopinda balibaki banatembea.

Batu ya hapa banapendaka kuniuliza ile mambo ilinifikia bei gani, juu banajua mimi ninajuaka bei ya kila kitu. Vioo sihesabu, viti sihesabu. Jeneza, hôpital, karatasi, communiqué mara mbili, barrière tatu za kulipa ku barabara, na shofere: dola mia tano sitini na tatu.